Kurudisha ni Hatua ya Tisa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe cha bati, ti, ti, ti, kikanyamaza.

Tausi Kibwana hakufumbua macho. Alijua hakuna mtu jikoni. Aliishi peke yake, chumba kimoja na jiko, nyuma ya kiwanda cha sabuni, na katika nyumba ile hapakuwa na kikombe cha bati. Lakini kila siku kabla jogoo hajawika mara ya pili, mtu alikoroga kitu mle jikoni, taratibu, kama anayeogopa kumwaga. Kisha kijiko kiligongwa mara tatu. Kisha kimya.

Mwaka wa kwanza Tausi aliinuka na mwiko mkononi. Mwaka wa pili alifukiza ubani mpaka jirani akauliza kama kuna harusi. Mwaka wa tatu alianza kujibu, "Haya, nimeamka," naye akaamka. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa, na hakuwa amechelewa kazini hata siku moja, jambo lililompatia cheti.

Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Maandalizi. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani wake bado wako mafunzoni. Ni nchi njema, yenye watu wapole wanaomsogezea mgeni kigoda kabla hajakiomba. Na serikali yake iliwapenda watu hao mno, kiasi kwamba haikutaka waguswe na mtu asiyeandaliwa vya kutosha. Madaraja yalingoja waashi waive. Shule zilingoja walimu wakamilike. Mvua peke yake ndiyo ilinyesha bila mafunzo, na matokeo yake kila mtu aliyaona.

Katika nchi hiyo hapakuwa na mahali palipotukuzwa kama Taasisi Kuu ya Kuwaandaa na Kuwaenzi Watafiti wa Tiba. Taasisi ilijengwa ubavuni mwa hospitali, dirisha kwa dirisha. Kazi yake ilikuwa kulea watu watakaopokea swali kutoka kwa mgonjwa, walipeleke maabara, kisha wamrudishie likiwa jibu, na Mungu akijalia, likiwa dawa. Kazi ya maana sana. Ndiyo maana ilipangiwa hatua kumi na mbili za mafunzo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kushika kalamu mbele ya mgonjwa bila kumtisha. Hatua ya pili, kumchukua damu. Ya tano ilikuwa kumsalimu, kwa nadharia. Kumrudishia mgonjwa jibu lake kulikuwa hatua ya tisa. Mtu mmoja aliwahi kuuliza kwa nini kuchukua kuwe hatua ya pili na kurudisha kuwe ya tisa. Akapelekwa moja kwa moja hatua ya saba, inayofundisha Kuuliza Maswali Yaliyoidhinishwa, na hajauliza tena.

Tausi alikuwa hatua ya nane. Amekaa hapo miaka sita, kwa sababu mkufunzi wa hatua ya tisa alitakiwa awe amefaulu ya kumi, na watahini wa ya kumi walikuwa wanarudia ya nne. Vyeti vyake vilijaa ukuta mzima wa chumba. Vilimsaidia. Vilizuia upepo.

Tena Taasisi haikuwa na doa. Kila aliyechukua damu ya mtu alijaza fomu, na chini kabisa ya fomu palikuwa na kisanduku: *Je, umemwahidi mgonjwa kwamba mtarudi?* Ukishaandika "Ndiyo", jalada lilipigwa muhuri wa KURUDI KUMEKAMILIKA na kupelekwa stoo. Kwingine husemwa ahadi ni deni. Katika Maandalizi ahadi ni malipo. Kwa hiyo taarifa ya kila mwaka ilionyesha kwamba Taasisi imewarudia wagonjwa wake asilimia mia moja, na mwaka mmoja wa neema, asilimia mia moja na nne.

*

Mwanzoni mwa masika ya mwaka huo wa tisa, siku ya Alhamisi ambayo ndiyo siku ya kliniki ya utafiti, wafu walianza kuja.

Walikuja kwa adabu. Hapakuwa na mayowe wala milango iliyojifunga. Asubuhi Tausi alipofika aliwakuta wameketi kwenye benchi refu la ukumbini, kila mmoja ameshika kadi yake ya utafiti, kadi ya rangi ya waridi yenye namba. Nguo zao zilikuwa zile walizovaa siku waliyotolewa damu. Baridi kidogo ilitoka kwao, kama ile ya mtungi. Mama mjamzito alipoingia akihema, watatu kati yao walisimama kumpisha, na mmoja akamtandikia kanga. Yule mama aliwashukuru, akakaa, akasema, "Leo hapa pana ubaridi mzuri."

Tausi aliwatambua wachache. Pale alikuwa Mzee Athumani Ngoda, mchoma chokaa, aliyetoa damu kwa ajili ya kifua chake miaka sita iliyopita. Mwishoni mwa benchi, miguu yake haifiki chini, alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano mwenye nywele zilizosukwa nusu. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati na kijiko.

Tausi alikitambua kile kijiko kabla hakijagonga.

Wakati huo huo Mkurugenzi alitokea, Mheshimiwa Profesa Ngwatu, mtu mpana mwenye suti ya rangi ya kahawa, anayetembea kana kwamba ardhi imeombwa ikae sawa. Alisimama mbele ya benchi. Akawatazama wafu. Wafu wakamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, marahaba!" akasema, uso umemchanua. "Hawa ni kina nani, Tausi? Wametulia hivi!"

"Ni wagonjwa wetu wa utafiti, Profesa. Wa zamani. Wao... wameshafariki."

Profesa alifungua daftari lake, akapekua. "Katika fomu ya wageni hapana kisanduku cha kufariki," akasema. "Kuna mwanamume, mwanamke, na mshiriki. Waandike washiriki. Semina ya leo ina viti sabini na waliokuja ni kumi na moja."

Hivyo ndivyo wafu walivyoingizwa ukumbini, kwenye semina ya siku nzima yenye jina *Kuitegemeza Nguvukazi ya Utafiti: Kutoka Maandalizi Hadi Maandalizi Makubwa Zaidi*. Walijaa viti vyote. Waliandika majina yao kwenye karatasi ya mahudhurio, na wasiojua kuandika walipiga dole gumba. Alama zilibaki nyeupe kwenye karatasi, kama za unga.

"Ndugu washiriki!" Profesa alinguruma. "Mtafiti asiyeandaliwa ni chungu kibichi. Ukikitia maji, kinayeyuka. Basi tukioke! Lakini nawauliza: chungu kilichookwa, kikitumiwa, si huvunjika?"

Ukumbi ulikuwa kimya. Kimya cha namna ile Profesa hakuwahi kukipata maishani mwake.

"Kwa hiyo hekima iko wapi? Iko katika kuoka, ndugu zangu! Kuoka bila kuchoka! Na chungu kisitumiwe!"

Walio hai wakapiga makofi. Wafu wakatazama mikono yao.

Mzee Athumani akainua mkono, ule wa kushoto, wenye alama ya sindano. "Mheshimiwa, nashukuru kwa mawaidha. Mimi nilitoa damu ya mkono huu. Mliniambia mtarudi mniambie kifua changu kina nini. Nilikaa mlangoni kila jioni kuwangoja. Nikafia pale pale mlangoni, kwenye mkeka. Nauliza tu, kilikuwa nini?"

"Swali zuri sana!" Profesa akasema. "Tulipeleke kwenye makundi."

Wakagawanywa makundi matano, wakapewa karatasi kubwa na kalamu za wino mzito. Wafu wakajadiliana kwa kunong'ona. Kila kundi likaandika neno moja tu, *Majibu*, na wakabandika karatasi ukutani. Profesa alipita akizisoma, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatangaza kwamba makundi yote matano yamependekeza mafunzo zaidi.

Jioni kila mfu alipewa cheti. Walivipokea kwa mikono miwili, kama watu waliolelewa vizuri. Na Tausi alipokwenda kufunga madirisha aliona vyeti sabini kasoro kumi na kimoja vimepangwa juu ya meza, vimenyooshwa vizuri, na juu yake wameweka jiwe visipeperuke.

Mtoto alikuwa bado yuko kwenye benchi.

"Anti," akasema.

"Abee, Mize," Tausi akaitika. Jina lilimtoka lenyewe. Miaka tisa hakuwahi kulitamka.

"Mama ameshaambiwa?"

Tausi akaketi kando yake.

"Ulimwambia mtarudi sasa hivi," Mize akasema. Hakumlaumu. Alisema kama mtoto anayekumbusha kwamba sufuria iko motoni. Akakoroga kikombe, ambacho ndani hakikuwa na kitu, akagonga ukingo mara tatu.

*

Kesho yake Tausi alikwenda ofisini kwa Profesa.

"Una miadi?"

"Nilipewa ya mwaka ujao, Profesa."

"Basi umewahi. Nidhamu nzuri. Sema."

Tausi alieleza. Kuna mama anaitwa Bi Kazija, kule Tanurini. Mtoto wake alichukuliwa damu hapa miaka tisa iliyopita. Jibu lilitoka maabara. Mama hajaambiwa. Anaomba ruhusa ampelekee.

Profesa alivua miwani. "Tausi, wewe ni hatua ya ngapi?"

"Ya nane."

"Na kurudisha ni ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Sasa fikiri. Unampa mtu jibu bila mafunzo. Si anaweza kuelewa? Akielewa atauliza la pili. Nani ameandaliwa kwa la pili?" Akamtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, kila Idi alimpelekea mlinzi wake sukari. "Subiri, mwanangu. Umebakiza kidogo. Na hata hivyo majalada ya zamani tunayateketeza Ijumaa ijayo. Stoo ile tutaifanya ukumbi wa mafunzo."

"Mnateketeza yote?"

"Yote yamekamilika. Yana muhuri."

*

Mtunza stoo alikuwa Mzee Chande, mwembamba, mwenye kofia iliyofumwa na marehemu mkewe. Kwa miaka tisa, kila saa nne, alimwekea Tausi kipande cha muhogo wa kuchoma ndani ya karatasi na kusema, "Hiki kimenibakia." Hakikuwa kimebaki. Alikikata mapema, kabla hajala, na kila mara kile kikubwa ndicho kilichobaki.

Siku hiyo Tausi hakula muhogo. Alisema, "Baba, nataka jalada."

Mzee Chande alitafuna taratibu. "Mimi nimesomea hatua ya tatu, mwanangu. Kufunga stoo. Kufungua sikufundishwa." Akatafakari. "Kwa hiyo tangu nianze kazi sijaifunga. Ningeifunga, nani angeifungua?"

Akausukuma mlango kwa kidole.

Ndani mlikuwa na harufu ya karatasi na mende. Jalada namba mia mbili na saba lilikuwa jembamba, lina kurasa nne. Tausi alilisoma amesimama. Kisha akaketi juu ya ndoo na kulisoma tena.

*Saa tatu na robo asubuhi. Mtoto ameletwa na mama, mgongoni. Homa kali, shingo imekakamaa. Mtoto anaongea.*

*Saa tatu na nusu. Damu imechukuliwa. T. Kibwana. Je, umeahidi kurudi? Ndiyo.*

*Saa kumi na nusu jioni. Dawa ya kwanza, sindano.*

*Alfajiri ya siku ya pili. Mtoto amefariki.*

Na ukurasa wa mwisho, wenye tarehe ya siku ya kumi na moja, kutoka maabara: *Mdudu wa homa ya uti wa mgongo ameonekana katika damu.*

Kati ya saa tatu na nusu na saa kumi na nusu hapakuwa na mstari wowote. Tausi hakuhitaji mstari. Siku ile ilikuwa siku ya Mafunzo ya Kuharakisha Huduma. Madaktari, wauguzi na watafiti wote waliitwa ukumbini, na mlango ukafungwa ili mtu asitoroke kabla ya kuandika mahudhurio. Yeye alikuwa mgeni, hatua ya pili, amefundishwa kuchukua. Aliona shingo ya mtoto. Akamwambia mama, "Tutarudi sasa hivi." Alipata kiti kando ya dirisha linalotazamana na wodi. Na saa saba zote, huku mkufunzi akieleza thamani ya dakika, alisikia kutoka ng'ambo mama akikoroga uji ili upoe, akigonga kijiko mara tatu kwenye kikombe cha bati, na kumbembeleza mtoto, "Onja tu, mama. Kidogo tu."

Tausi alikuwa amelisikia lile jambo miaka tisa. Hakuwa ameliona limeandikwa.

Mzee Chande alisimama mlangoni. "Umepata?"

"Nimepata. Baba, Ijumaa watayachoma. Na wanaongoja majibu ni mia tatu na kumi na wawili."

"Hilo lisikunyime usingizi. Nimeandika barua kuuliza kama wachomaji wameandaliwa. Wameonekana hawakuandaliwa. Jumatatu wanaanza hatua ya kwanza, Utangulizi wa Kiberiti." Akakuna shavu. "Ni wanafunzi wazito. Naona miaka saba, minane."

Tausi alicheka, kisha akaelewa maana yake. Hakuna kilichomkimbiza tena. Angeweza kulirudisha jalada mahali pake, angoje hatua ya tisa kama wenzake, na pasiwe na mtu wa kumlaumu. Ukurasa wa mwisho ungemtua yule mama mzigo wa kutojua. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake yeye, T. Kibwana, kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

"Waweza kungoja," Mzee Chande akasema, kana kwamba ameyasikia yote. "Hakuna atakayekuuliza."

Nje ukumbini kijiko kiligonga. Ti, ti, ti.

"Yupo anayeniuliza," Tausi akasema.

*

Tanurini ni mtaa wa wachoma chokaa. Vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, juu ya paa, juu ya majani ya mipapai, juu ya kope za watu. Tausi alikwenda kwa miguu Alhamisi mchana, jalada ndani ya mkoba. Mize alitangulia hatua chache, kikombe mkononi, akiruka mitaro. Watu waliokuwa wakipepeta chokaa walimwamkia Tausi, na mwanamke mmoja akainamisha ungo ili vumbi lisimfuate mpita njia. Kwenye ile njia nyeupe nyayo zilikuwa jozi mbili, kubwa na ndogo. Tausi alitazama nyuma mara moja tu.

Mbele ya nyumba ya mwisho Mize alisimama.

"Ingia wewe," akasema. "Mimi nilishaaga."

"Hodi," Tausi akaita.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani, "ijapokuwa umekosea nyumba."

Bi Kazija alitokea akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amekonda kwa namna ya watu wanaokula kwa kukumbuka tu. Tausi akamwamkia. Akaitikia. Kisha akamtazama kwa muda, na kitu usoni mwake kikasimama.

"Wewe ndiye wa sindano."

"Ndiye mimi."

"Ulisema mtarudi sasa hivi."

"Nilisema."

"Sasa hivi ya kwenu ndefu, mwanangu."

Hata hivyo alileta kigoda, akakipangusa vumbi kwa pindo la kanga yake, akakipangusa tena, na akamkaribisha. Akaleta maji ya mtungi.

"Utanisamehe, chakula sikupi," akasema. "Watu hawali kwa mkono wangu. Wifi yangu Mwanahawa alisema siku ya matanga, mbele ya wote: huyu amemuua mtoto kwa uji uliolala. Kweli asubuhi ile nilimpasha uji wa jana. Ulikuwa na uchachu kidogo. Tangu hapo wananiita Mama Uji. Kukiwa na shughuli naitwa kuosha masufuria, watu wakishakula. Kabla ya hapo nisisogee jikoni." Alisema bila machozi, kama mtu anayeonyesha mgeni mahali choo kilipo. "Baba yake alivumilia mwaka mmoja. Naye sikumlaumu. Mimi mwenyewe uji sijapika tena."

Tausi alitoa jalada. Akaliweka magotini. Alikuwa na vyeti vya kushika kalamu, vya salamu, vya kuketi kwenye kamati. Hapakuwa na hata kimoja cha hili.

"Bi Kazija, si uji."

Mama hakusogea.

"Alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Maabara walimwona mdudu wake ndani ya damu. Mdudu huyo hakai kwenye uji. Hupita kwa pumzi, kwa kukohoa, mtoto humpata popote penye watu. Ungempa uji wa jana, ungempa wa leo, ungemnyima kabisa, angeugua vile vile."

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia mara ya tatu, akiweka kidole kwenye maneno, ingawa Bi Kazija hakujua kusoma. Bi Kazija naye akaweka chake, akayagusa maneno taratibu, kama mtu anayepima joto la paji la uso.

"Miaka tisa," akasema. "Limekaa wapi?"

"Stoo."

"Mlango umefungwa?"

"Haukufungwa siku hata moja."

Hapo ndipo Tausi angeweza kulikunja jalada, aage, na aende zake akiwa mtu mwema. Upepo uligeuka, moshi wa tanuri ukapita uani. Hakulikunja.

"Kuna lingine," akasema, na akasoma saa. Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu. Saa kumi na nusu. Akasema katikati kulikuwa na nini. Akasema dawa ilikuwepo kabatini muda wote, na kwamba ingetolewa asubuhi ile, huenda mtoto angepona. Hakuna anayejua kwa hakika, lakini huenda.

Bi Kazija alitazama maji kwenye kikombe cha mgeni mpaka yakashika vumbi.

"Ule ukumbi wa ng'ambo," akasema hatimaye. "Mlikuwa mnapiga makofi."

"Tulikuwa tunapiga makofi."

"Nikadhani kuna harusi. Nikamwambia Mize, sikia, bibi harusi anaingia." Akamgeukia Tausi. "Wewe ulikaa wapi?"

"Kando ya dirisha."

"Ulinisikia?"

"Nilisikia kijiko. Nakisikia mpaka leo."

Bi Kazija alisimama, akaingia ndani, akauvuta mlango. Tausi alibaki uani na jalada lake, akajua amefukuzwa, na akaona ni haki. Alikuwa anainuka aliposikia sufuria ikitolewa mvunguni. Ikasuguliwa kwa mchanga, kwa nguvu, muda mrefu. Kikasikika kiberiti. Maji yakamiminwa, unga ukapigwa, na mwiko ukaanza kuzunguka, kwanza kwa kusita, kisha kama mtu aliyekumbuka njia.

Alirudi na kikombe cha bati kinachofuka. Akakoroga ili upoe. Akagonga ukingo mara tatu, bila kufikiri. Wote wawili walisikia.

"Kunywa," Bi Kazija akasema, na akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. "Nataka nione mtu anakunywa."

Tausi akanywa. Uji ulikuwa wa moto, ulimuunguza ulimi, akaendelea mpaka chini. Bi Kazija alimtazama koo likipanda na kushuka, kila funda, kama anayehesabu pumzi za mtoto aliyelala.

Nje ya kizingiti, kwenye vumbi, nyayo ndogo zilikuwa zimefika mpaka mlangoni na kukoma hapo. Benchi la Taasisi lilikuwa bado na watu wengi, na Mzee Athumani wa hapo hapo Tanurini alikuwa na mjane nyumba ya nne, anayekaa mlangoni.

Tausi akasimama. Neno lilimjia mdomoni, lile neno la fomu, nitarudi, akalirudisha tumboni. Badala yake akavua kitambulisho cha Taasisi shingoni mwake, ambacho bila hicho mlinzi hamruhusu mtu kupita getini, akakitundika, kama rehani, kwenye msumari wa mlango wa Bi Kazija.

Bi Kazija alikitazama kikining'inia. Akaitazama ile picha ndogo ya Tausi alipokuwa kijana, anatabasamu kwa hatua ya pili.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Huenda nisikusamehe kabisa."

"Najua, mama."

"Na Mwanahawa anakaa ng'ambo ya tanuri, masikio yake mazima. Karatasi hii ataisikia, isomwe kwa sauti. Nitapika uji wa watu wote." Akachukua kikombe kitupu kutoka mkononi mwa Tausi, akakishika kifuani kwa mikono miwili. "Usiniambie utarudi. Hilo nimeshaambiwa. Njoo tu. Alhamisi, njoo tena."